Neno la Mama Lililosubiri Miaka Ishirini na Tisa

Tarehe 30 Juni, Bi Kadi anastaafu baada ya kuitumikia Kamati yetu ya Msamiati kwa miaka ishirini na tisa. Katika muda huo kamati imevunjwa mara mbili, imeundwa upya mara tatu na kuhama jengo mara moja. Yeye peke yake ndiye aliyejua funguo ziko wapi.

Kazi yake ilikuwa kuandika kila neno jipya kwenye kadi, pamoja na maana yake na jina la aliyelisema, kisha kulisubirisha mpaka wakubwa wakae. Wakubwa huwa hawana haraka. Vikao vinne vizima tulitafuta neno letu wenyewe la kuchukua nafasi ya "droo". Tulilipata, na limehifadhiwa salama kwenye droo.

Wiki yake ya kwanza kazini alileta neno la mama yake mzazi, muuza mboga. Neno lenyewe ni "shelembe": lile fungu la mwisho linalobaki mezani jioni, analopewa mteja mmoja abebe lote. Wauza mboga walilipata kwa wenzao wa ng'ambo ya mto waliokuwa wakiuza nao safu moja. Kamati ilikunja uso: neno ni la wageni, tena halina ushahidi wa maandishi. Mama mwenyewe hakujua kusoma. Kila mwisho wa mwezi alimuuliza binti yake kama neno lake limepita, na sokoni alijigamba kwamba ana kesi serikalini.

Miaka ikaenda. Soko likahamishwa, wauzaji wakatawanyika, wajukuu wakaanza kuliita fungu hilo "ofa". Ofa nayo ikaletwa kwetu, ikapita kwa kikao kimoja, kwani ilishaandikwa kwenye mabango. Ugeni wake haukumkera mtu. Mama alifariki mwaka juzi, kesi ikiwa bado inaunguruma.

Aprili mwaka huu shelembe lilipita kwa makofi. Ushahidi wa maandishi ulikuwa umepatikana: kadi ya Bi Kadi, ambayo sasa imezeeka vya kutosha. Mimi, mhariri, nikaweka alama inayotakiwa na kanuni: "la kale, halitumiki." Bi Kadi aliisoma, akavua miwani, akatoka nje. Niliumia, lakini kanuni ni kanuni.

Ijumaa, kwenye chai ya kumuaga, alikusanya vipande vya keki vilivyobaki, akampa mlinzi na kumwambia achukue shelembe lake ampelekee mkewe. Mlinzi hakuuliza maana. Jumatatu nilimsikia akimuuliza mfagiaji kama kikao cha asubuhi kimeacha shelembe, na mfagiaji akamjibu kwamba ameshaliwahi yeye.

Bi Kadi, asante kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Pumzika vizuri, ulale mpaka jua lipande. Ile alama nimeifuta kwa mkono wangu. Kamati itajulishwa itakapokutana.