Bibi Harusi Golini

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti kaniomba niseme kwa upole. Nitajaribu, lakini siahidi, maana miaka imepita na hasira zangu hazijapoa.

Nilikuja Landani baada ya mapinduzi ya kwetu visiwani, nikapata kazi hospitali. Mwenzangu wa kazini, Mkanada, akanipeleka kutazama hoki ya barafuni. Ndugu zangu, nawaambia, nilipoona watu wanafukuzana na magongo juu ya barafu, wakigombea kisahani cheusi cha mpira, nilisema hiki ndicho changu. Nikajifunza kwa kuanguka, mpaka makalio yakawa rangi ya zambarau. Nikakusanya wasichana wetu wa mtaa wa Peckham na Wahindi wa kwetu walioko Tooting. Upande wetu wa mto hapa Landani, timu ya wanawake ya kwanza ilikuwa sisi.

Kisha nikavunjika mguu. Nimelala na plasta, watu wanakuja kunitazama, wanakula halua yangu, na huku wananong'ona: "Kajitakia. Mama mzima, ati anacheza barafu!" Wallahi niliwasikia. Wengine mmo humu ndani. Simtaji mtu.

Na meneja wa uwanja akapata pa kupitia. Akaniambia, nyinyi watu wa joto barafu hamuiwezi, Jumamosi mkikosa mechi, saa yenu ya kucheza nawapa wanaume. Saa moja tu kwa wiki, jamani! Hata hiyo aliionea choyo.

Nikazunguka na mkongojo wangu kugonga milango ya wasichana wangu. Timu ikatimia, isipokuwa kipa. Kipa wangu alikuwa mwali, ametiwa ndani, anasingwa mwili kwa manukato, haonekani na mtu mpaka harusi yake Jumapili. Na bila kipa hakuna mechi. Nikaenda kwao, shangazi zake wakanifukuza kama mwizi. Nikakaa kwenye ngazi za fleti, nikalia kwa ghadhabu.

Akatoka somo wake, yule anayemfunda. "Unalilia nini?" Nikamweleza. Akafikiri, akauliza, "Huko golini anavaa nini?"

"Kofia ngumu, glavu, na maski ya uso mzima."

"Uso hauonekani?"

"Hauonekani, bibi."

"Basi! Kazi yangu mimi ni asionekane. Hata ukaya wa kichwani haufuniki uso hivyo." Akawageukia shangazi. "Mwali ni wangu mpaka Jumapili. Nipisheni."

Jumamosi akamleta mwenyewe kwa basi, kamfunika gubigubi. Golini kulinukia singo mpaka wapinzani wakawa wanageuka kutazamana. Somo kasimama nyuma ya goli kumlinda mwali wake, na kila kisahani kikizuiwa, kigelegele! Tulifungwa, ndiyo. Lakini tulicheza. Saa yetu ikabaki yetu.

Somo yule yupo hapa, mstari wa mbele. Bibi, Mungu akuzidishie umri na afya. Na wewe kipa wangu, ahsante. Nyinyi wengine, leo binti zenu wanacheza, mnajisifu mlikuwa nami tangu mwanzo. Haya, jisifuni. Lakini kesho mwenzenu akianguka, msikae mkamlia halua na kumsengenya. Muulizeni kama bibi alivyoniuliza mimi: unalilia nini?