Kavugho Solange, Mupimaji wa Umeme Unaovuja

Bapadiri, bazazi, majirani, na nyinyi bote muliotoka Butembo kuja kulia pamoja nasi hapa Beni, muniwie radhi kama sauti itakatika, ni mimi Zacharie, kaka yake mukubwa, familia imenituma kusoma njia ya maisha ya Kavugho Solange.

Kavugho alizaliwa Kimemi, Butembo, tarehe 14 Mei 1984, binti ya papa Siméon na mama Berthe, bachuuzi ba vitambaa. Alimaliza sekondari palepale mwaka 2003, na tangu mudogo alikuwa mubishi, eh, ukimwambia kitu kimezimwa alikwenda kugusa aone mwenyewe. Mwaka 2009 alipata diploma ya elektroniki, akaanza kufundisha katika chuo kimoja cha hapa Beni, na tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na Melchior, mutu mupole, nasi tukasema asante Mungu, amepata wa kumuvumilia. Walijaliwa batoto babili, Bénite na Fadhili.

Kazi aliyoipenda ilikuwa saketi ndogo ya kuchunga baridi ya masanduku ya chanjo, aliyoichora na kuijaribu ndani ya ordinatere tu, ile kompyuta yake, akipima umeme unaovuja wakati transista, zile swichi ndogondogo za saketi, zimezimwa, kwa maana hata zikilala zinakunywa betri polepole. Mwaka 2018 alitetea kazi hiyo mbele ya maprofesa, akaonyesha mikrowati ine tu, umeme mudogo kabisa, saketi ikipumuzika, akapigiwa makofi, nasi tulicheza.

Mwezi wa tatu 2019 alikwenda Eringeti kutembelea muuguzi Julie, akaweka mukono juu ya sanduku la chuma chini ya mabati, ambamo saketi kama yake ingekaa, saa saba za muchana, likamuchoma, akauondoa haraka. Palepale alikumbuka kwamba alipima kwa joto la digrii 27, lile ordinatere inaliweka yenyewe usipolibadilisha. Alirudia kwa digrii 60, uvujaji ukapanda karibu mara nane. Aliandikia maprofesa kwamba namba yake ni ya uongo, bakamwambia aache, nani atasoma, lakini Kavugho akajibu kwamba betri itasoma. Alilia siku mbili, aliona haya sana, halafu akaanza upya.

Alitafuta karibu miaka sita namna ya kukatia umeme sehemu zilizolala. Ugonjwa wa figo ulimushika Juni 2024, na hata kitandani alimusukuma mwanafunzi wake Sifa, akimukumbusha kila asubuhi kuandika joto kwanza. Kilibaki kipimo kimoja, cha saketi mupya kwa digrii 60. Alitutoka tarehe 9 Februari 2025, saa ine za asubuhi, kabla hakijamalizika.

Tunashukuru baganga na bauguzi, majirani baliopika bila kuitwa, na walimu wenzake na maprofesa, hata bale baliomwambia aache, maana leo bako hapa.

Sifa alimaliza kipimo jana, akaandika joto kwanza, akarudia mara tatu, akaniletea karatasi hii. Kwa digrii 60, saketi ikipumuzika, ni mikrowati tatu na nusu, chini ya zile ine. Kavugho mudogo wangu, ile namba yako ya 2018 haikudanganyi tena, umeipita. Lala sasa, pumzika kwa amani, sisi tutaweka mukono juu ya lile sanduku la chuma.