Shakuru Hamimu, Aliyeifundisha Cherehani Kugandisha Maji

Leo, Jumapili tarehe 18 Machi 2001, tunamzika mtu ambaye jana asubuhi alikunywa chai nasi. Wengi wenu hamjaamini. Sisi wa nyumbani pia hatujaamini. Wasifu huu umeandikwa, na unasomwa, na kaka yake mkubwa, Obeid Hamimu. Yaliyomo ni kweli, pamoja na yale ambayo familia ingependa yasisemwe.

Marehemu Shakuru alizaliwa Buyenzi tarehe 12 Mei 1961, mtoto wa pili wa marehemu Hamimu, fundi cherehani, na Bi Saliha, ambaye yuko hapa nasi. Alikulia chini ya meza ya baba yake, katikati ya sindano zilizovunjika na makopo ya mafuta. Alipokuwa na miaka saba alifungua cherehani ya mteja ili aone ni nini kinachoinua sindano. Alichapwa. Kisha baba akamwamuru airudishe ilivyokuwa, naye akairudisha, na ilishona vizuri kuliko mwanzo.

Alisoma shule ya msingi Buyenzi, kisha shule ya ufundi hapa Bujumbura, akapata diploma mwaka 1982. Mwaka 1985 alipata bursi ya kwenda kusoma Ubelgiji, na alipomaliza mafunzo aliajiriwa kuwa fundi wa maabara yenye darubini ya elektroni. Darubini hiyo huonyesha vitu vidogo mno, hata kirusi kimoja. Lakini kirusi lazima kwanza kigandishwe ndani ya maji. Fundi huweka tone kwenye wavu wa shaba ulio mdogo kuliko punje ya dengu, hulikausha kwa karatasi mpaka ibaki ngozi nyembamba ya maji, kisha huutumbukiza wavu haraka katika baridi kali, ili maji yawe kama kioo na yasiwe barafu. Akichelewa kidogo, maji yamekauka. Akiwahi, tone ni nene na picha ni giza. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, na katika nyavu mia, sita au saba ndizo zilizofaa.

Wakubwa wake walimsifu kwa mkono mtulivu. Sifa hiyo aliikataa. Alisema, “Mukono wangu ni muzuri asubuhi. Saa kumi ni mukono wa mutu mwingine.” Alitaka mashine itakayofanya saa kumi kile ilichofanya asubuhi.

Alifunga ndoa na Kaltum tarehe 18 Agosti 1990 hapa Bujumbura, wakaenda wote Ulaya, na huko akazaliwa binti yao Hiba. Julai 1995 walirudi kumuuguza baba, watu walipokuwa wakikimbia nchi hii. Baba alifariki Januari 1996. Mwaka huo mipaka ikafungwa, kibali chake cha kazi kikaisha, na hakurudi tena kule. Alipata kazi katika kituo cha kupandikiza ng'ombe mbegu, akitunza mapipa ya naitrojeni, ule ubaridi wa majimaji unaohifadhi mbegu. Mkuu wake aliridhia kwamba kiasi kinachobaki kila wiki kiletwe nyumbani kwa Shakuru, Gihosha. Dereva wa kituo, Bwana Télesphore wa Carama, ndiye aliyekileta kila Jumamosi.

Katika stoo ya uani Shakuru aliichukua cherehani ya baba na kuifundisha kazi nyingine. Mguu unaokandamiza nguo aliufanya ukandamize karatasi juu ya wavu. Fimbo ya sindano aliifunga kibano cha kushika wavu. Umeme ulikuwa haueleweki, hivyo alitumia springi ya kukaza kwa mkono. Ukiiachia, mguu hubana sekunde tatu, huinuka, na fimbo hushuka kwenye ubaridi yenyewe, bila kuguswa.

Mama alimuuliza, “Sasa hii inashona nini?”

“Inashona maji, Mama.”

“Basi nishonee gauni ya maji, hii joto imenizidi.”

Profesa wake wa zamani kule Ubelgiji alimwandikia kwamba ataijaribu mwezi Aprili, ikiwa itatumbukiza mara hamsini bila kupishana. Hizo hamsini ndizo alizokuwa akizitafuta.

Marehemu hakuugua. Tarehe 3 Machi risasi kutoka upande wa Kinama, kwenye mapigano, ilivunja kioo cha dirisha la stoo. Kaka yake Obeid alileta matofali, akaziba dirisha. Shakuru alimwambia, “Kaka, hii dirisha ndiyo pumzi ya chumba. Naitrojeni ikiwa mvuke inafukuza hewa. Haina harufu. Mutu anaanguka tu.”

“Risasi nayo haina harufu.”

“Basi mulango nitaacha wazi.”

Walikubaliana hivyo.

Jana saa tatu Bwana Télesphore alileta chombo chake, akasalimu, akaondoka. Saa nne milio ya risasi ikaanza. Obeid alikwenda mlangoni pa stoo, akamwambia mdogo wake aache kazi aingie nyumba kubwa. Shakuru alikuwa amempa mgongo, jicho kwenye mashine.

“Bado kumi, Kaka. Kumi tu.”

Obeid aliuvuta mlango ukafungika, akidhani anamkinga na risasi. Kaltum alipokwenda kumwita kula, ukungu wa baridi ulikuwa umetanda sakafuni, naye amelala ndani yake. Daktari amethibitisha kwamba alikosa hewa. Hakuna sumu. Daftari lake lina mistari arobaini na sita, yote sekunde tatu.

Ameacha mama, Bi Saliha; mjane, Kaltum; watoto wawili, Hiba na Moosa; na kaka mmoja.

Tangu jana jioni, hapa matangani, inasemwa kwamba Télesphore alileta sumu. Wanaume wanne wamekuja kuuliza anakaa nyumba gani Carama. Katika mji huu tunajua swali hilo huishia wapi. Télesphore amesimama nyuma ya mstari wa mwisho, kofia mkononi. Amekuja kwa miguu. Atakaposogea kaburini kutupa udongo, mpisheni. Aliyefunga mlango ndiye anayesoma karatasi hii.

Mwenyezi Mungu amfungulie Shakuru.