Nyambizi ya Namba na Mtoto wa Mong'ina

Kaeni chini, wanangu. Onyancha, rudisha huo mlango, upepo unaniingia kifuani. Jethro, mpishe mama yenu akae karibu na kichwa changu. Nimechoka, na nitakayosema leo sitayarudia.

Shamba hili la Kiogoro mnajua mipaka yake: upande wa juu ni wako, Onyancha, wa chini penye chemchemi ni wa Jethro, na yule ng'ombe mwekundu ni wa mama yenu, asiuzwe hata mkibanwa vipi. Hayo yamekwisha. Kuna jingine limenikaa moyoni tangu vita.

Mnajua nilikuwa Kilindini, jikoni kwenye meli kubwa iliyohudumia nyambizi, zile manowari zinazokwenda chini ya maji. Mpishi wa nyambizi moja, Mwingereza aliyeitwa Wiliamu, alizoea kuja kuchukua mikate, na ndiye aliyenieleza kwamba nyambizi zao zina koo kama sisi: za ukoo huu majina yao yote huanza na T, za ule huanza na S. Zamani zilikuwa na herufi na namba tu, kisha zikapewa majina, halafu vita vilipopamba moto nyingine zikaundwa haraka-haraka na kurudishiwa namba.

"Na yako?" nikamuuliza.

"Yangu ni namba."

"Sasa ikizama, watamlilia nani?"

Alibeba mikate yake akaenda, na nyambizi ile haikurudi. Baadaye amri ilitoka London kwamba zote zipewe majina, hata zile ndogo, maana mabaharia hawakutaka kufa ndani ya namba. Wenzake walishangilia. Yake ilikuwa imeshapotea, ikabaki namba.

Nikiwa bado na huzuni hiyo, Nyasani jirani yetu alikuja bandarini kutafuta kazi, akaniambia mama yenu alijifungua msichana na mtoto akafa kabla ya kupewa jina. Baba yenu mdogo Machogu alimzika nyuma ya migomba, akamkataza mama yenu Mong'ina kulia. Nilipopata ruhusa ya kuja nyumbani nilimwambia Machogu tumpe mtoto jina. Akanicheka: "Jina la nini, na hakuna wa kuitika?" Tangu siku hiyo hatujala pamoja. Sasa naye ni mzee. Akija kunizika mpeni kiti na uji, msimrushie maneno. Lakini kwa jambo hili msimsikilize.

Pale nyuma ya migomba pawekwe jiwe, jembe lisipite. Na mkeo, Onyancha, akizaa msichana, apewe jina la dada yenu.

Mimi silijui. Nilikuwa mbali. Mama yenu alilichagua mwenyewe moyoni, na miaka yote hii hajalitamka mbele ya mtu.

Mong'ina. Sema, watoto wako hapa.

Sijasikia... masikio yameziba. Tena.

Kwamboka. Ndiyo. Uchungu ulikushika ukitoka Ogembo, ukivuka mto Gucha, na jina hilo ni la kuvuka... Mmesikia, wanangu? Kwamboka, dada yenu. Liseme, Jethro. Na wewe, Onyancha.

Haya. Mungu awalinde... awape watoto, na amani kati yenu... Nilazeni ubavu huu. Hapo.

Mama yenu... msimnyamazishe. Mwacheni alie.