Barabara Niliyoipanua, Barabara Niliyoipunguza

Mheshimiwa Meya, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi majirani mliovumilia vumbi letu kwa miezi kumi na minne: habari za asubuhi.

Mtaniwia radhi nikitazama barabarani kila mara. Nimezindua hata madaraja makubwa, lakini leo roho iko juu juu. Magari yameanza kupita tangu alfajiri, na kila breki ikilia nageuka.

Wengi wenu hamjui kwamba aliyeipanua barabara hii miaka kumi na tisa iliyopita ni mimi. Njia mbili nilizifanya sita, nikapigiwa makofi papa hapa. Nani angelalamika, na magari yalikuwa yanateleza kama maji?

Dada yangu mkubwa angelalamika, lakini hakuulizwa. Yeye ni fundi cherehani. Nyumba yake iko upande huu, duka lake upande ule. Kabla sijapanua alivuka huku akisalimiana na watu. Baadaye akawa anavuka mbio, kafumbata kanga mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na nane! Siku moja mbio hazikutosha. Gari dogo la mizigo likamvunja nyonga.

Nilimkuta hospitalini amelala chali. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Mdogo wangu, ulipoichora ile barabara, mimi ulinichora wapi?”

Ndugu zangu, niliondoka na swali hilo. Nilirudi ofisini, nikaufungua mchoro wa zamani. Malori yalikuwemo, mataa yalikuwemo, hata mitaro ya maji ya mvua. Mtu wa kuvuka hakuwemo.

Ndipo nikaanza kuomba njia mbili za magari ziondolewe, wapate nafasi waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Niliomba miaka sita. Muuza saruji wa pale kona, namwona ananicheka, alinifokea mkutanoni: “Mhandisi, wateja wangu wabebe mifuko kwenye baiskeli?” Alikuwa na haki ya kufoka. Tukamtengea mahali pa kupakia. Mkuu wa zimamoto naye akataka kujua gari lake litapitaje. Tulilipitisha mara tatu, mimi nikitembea kando yake, jasho linanitiririka.

Leo asubuhi, kabla hamjafika, dada alitoka na fimbo yake. Hakusubiri utepe. Alifika kwenye kisiwa cha katikati, mahali pa wavukao kusubiria, na lori likaja. Nilitaka kupiga kelele. Lori likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akampungia mkono apite, na yeye akapita polepole, bila kukimbia, hadi mlangoni pa duka. Akageuka akaniita: “Mbona umetoa macho hivyo? Nenda kavae tai, wageni wanakuja!”

Je, nimetulia? Hapana. Dereva mmoja kusimama hakumaanishi wote watasimama, na ile kona ya duka la mikate bado inanitia hofu. Nimestaafu tangu jana, lakini nitakuwa naketi pale kila asubuhi na daftari. Mkiona kosa, njooni mniambie usoni.

Mheshimiwa Meya, ahsante kwa kuniamini mara ya pili. Mafundi, ahsanteni kwa mikono yenu. Nanyi nyote, nashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba tuvuke pamoja, kwa mwendo wa dada yangu.