Wakubwa Watatu wa Bwana Mmoja

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipokuwa ikipigana na Mau Mau, kupanda basi kutoka Runyenjes kwenda Embu kulitaka kibali. Kusikiliza hakukutaka, kwa hivyo nilisikiliza.

"Homugadi, hawa askari wa kijiji chetu, ndio walimshika bwanangu," mama mmoja alimwambia aliyekaa kando yake, mzee Mohamud, mnunuzi wa ngozi. "Nikiwauliza, wananituma kwa polisi. Polisi wananituma kwa jeshi. Jeshi wananirudisha kwa homugadi."

"Lakini wote watatu wana kamati moja, mama."

"Basi nataka kuwaona wote pamoja, waniambie nani atamfungulia."

"Rudi nyumbani. Hao hutawapata pahali pamoja."

"Nitawapata."

Mzee alicheka. Mimi niliangalia nje, kwa sababu yule mama hakuwa anacheka.

Karibu na Embu tulifika kwenye kizuizi. Homugadi alitupungia tupite, polisi akapiga filimbi tusimame, mwanajeshi akapaza sauti turudi nyuma. Dereva, mtu mwenye akili, alizima injini.

Mama alichukua kikapu chake, akasimama.

"Kaa chini, mama, watakupiga!" mzee alimnong'oneza.

"Wanipige wakiwa pamoja," alisema, akashuka.