Jina la Mwaitu Kwenye Muamala 41827

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Mutindi Muthama, mhasibu mkuu wa sacco yetu, chama cha akiba na mikopo hapa Tawa, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja. Sisi humwita Mwaitu, mama yetu, na wanachama nao wamezoea hivyo hivyo.

Alianza mwaka 1994 na vitabu vya leja vyenye majalada meusi, na kalamu aliyoifunga mezani kwa uzi ili isiazimwe ikapotea. Kompyuta zilipoletwa hakuziamini. Aliandika kila kitu mara mbili, kwenye mfumo na kwenye kitabu, kisha akalinganisha kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa tatu hesabu zilitofautiana kwa shilingi arobaini. Aliyekosea alikuwa yeye. Alicheka, akakifungia kitabu kabatini, na tangu hapo hakuna aliyeujua mfumo ule kumzidi.

Alichokipenda zaidi ni kwamba muamala ukishaidhinishwa haufutiki. Ukikosea, unaingiza mwingine wa kuurudisha, na yote miwili inabaki, kila mmoja na namba yake, saa yake, jina la aliyeuingiza na la aliyeuidhinisha.

Mimi ninayeandika haya, Mbuvi, nina kazi leo kwa sababu hiyo. Miaka sita iliyopita nilikuwa karani wa dirishani. Mwanachama wetu Katunge Kilonzo alileta shilingi elfu themanini na sita alizopata kwa kuuza mbuzi, karo ya watoto wake. Wiki mbili baadaye pesa hizo hazikuonekana kwenye akaunti yake, na risiti alikuwa ameipoteza. Meneja wa wakati huo alinipa mpaka Ijumaa nizilipe au niende nyumbani. Hata muuza chai wetu alianza kunidai nilipe kwanza ndipo animiminie.

Mwaitu alifungua orodha ya siku ile na kuupitia muamala mmoja baada ya mwingine. Pesa zilikuwa zimeingia kwa Katunge Kilonzo mwingine, nyanya yake, ambaye mjukuu alirithi jina lake kama ilivyo desturi yetu. Mimi ndiye niliyeuingiza vibaya. Aliyeuidhinisha bila kuangalia namba ya kitambulisho alikuwa Mwaitu mwenyewe.

Angeweza kunyamaza, maana macho yote yalikuwa kwangu. Alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, akamwambia kama ni kufukuza watu, aanze na yeye. Kisha akaingiza muamala wa kuurudisha ule, namba 41827, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika jina lake na kwamba kosa ni lake, aliidhinisha bila kuangalia.

Hakuna aliyefukuzwa. Tangu hapo pesa ya mtu haiidhinishwi kwa jina pekee, na ndugu na majirani wanaoitwa jina moja wanalala usingizi.

Asante, Mwaitu. Ofisi itapwaya bila wewe. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwa ndengu zako, na wajukuu wasiokusumbua sana. Jumatatu nitakalia kiti chako, na karani yeyote mpya nitamfungulia kwanza muamala namba 41827, ambao bado upo, na jina lako liko pale pale ulipoliandika.